Kikomo cha Deni la Serikali ya Marekani: Mizani ya Fiqhi na Mafunzo ya Historia

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haizungumzii Swala, wala Hijja, wala Jihadi. Ni aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, nayo inazungumzia deni. Ndani yake tumeamrishwa kuliandika deni na kulitaja muda wake, kumtafuta mwandishi muadilifu, kuweka mashahidi, na kutochoka kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Kwa hiyo Muislamu anapotazama habari za madeni ya mataifa, hatazami jambo la wachumi peke yao. Anatazama mlango ambao dini yake imeufafanua mapema na kwa urefu.

Katika makala hii tumekusudia kueleza jambo ambalo limewashangaza wengi kwa miaka mingi. Inakuwaje serikali yenye uchumi mkubwa kuliko zote duniani, ile ya Marekani, kila baada ya muda mfupi hufikishwa ukingoni mwa kushindwa kulipa madeni yake, wakati fedha ya kulipia ni yake na inachapishwa kwake? Tena inakuwaje wafanyakazi wake kwa mamia ya maelfu wakae wiki kadhaa bila mshahara, si kwa sababu ya njaa wala vita, bali kwa sababu wabunge hawakuafikiana? Tutaeleza kwanza jambo lenyewe lilivyo, kisha tutalipima kwa mizani ya mafaqihi wetu.

DENI LENYEWE

Serikali ya shirikisho ya Marekani hukusanya kodi na kufanya matumizi. Matumizi yakizidi mapato ya mwaka, tofauti hiyo huitwa nakisi. Nakisi huzibwa kwa kukopa: Hazina ya Marekani huuza hati za dhamana, mnunuzi hutoa fedha leo, na serikali humrudishia baadaye pamoja na riba. Nakisi za miaka zikijumlishwa, ndipo lipatikanapo deni la taifa. Mwaka wa fedha wa 2024 peke yake ulikuwa na nakisi ya dola trilioni 1.8 hivi.

Sehemu kubwa ya deni hilo inadaiwa na watu wa nje ya serikali: mabenki, mifuko ya pensheni, makampuni ya bima, watu binafsi na serikali za kigeni, na katika hizo Japani ndiyo inayoongoza. Karibu moja ya tano ni deni ambalo serikali inajidai yenyewe, kwa mfano fedha za mfuko wa mafao ya wazee zilizokopeshwa Hazina.

Deni hili halikuanza jana. Taifa hilo lilizaliwa likiwa na deni la vita vya uhuru, na mwaka 1790 waziri wake wa kwanza wa fedha, Alexander Hamilton, alishauri serikali kuu iyabebe pia madeni ya majimbo. Mara moja tu katika historia yake liliwahi kulimaliza, nayo ilikuwa Januari 1835 wakati wa Rais Andrew Jackson, na baada ya muda mfupi likakopa tena. Mwaka 1981 deni lilipita dola trilioni 1. Mwaka 2008 lilipita trilioni 10, mwaka 2017 likapita trilioni 20, mwanzoni mwa 2022 likapita trilioni 30, na Oktoba 2025 lilipita trilioni 38.

Sababu zake zinajulikana: vita vya Afghanistan na Iraq, punguzo za kodi za 2001, 2003 na 2017, msukosuko wa mabenki wa 2008, maradhi ya korona ya 2020, na gharama za matibabu na mafao kwa watu wanaozidi kuzeeka. Pamoja na hayo ipo riba yenyewe. Mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ililipa riba ya takriban dola bilioni 880, yaani zaidi ya dola bilioni 2 kila siku. Kiasi hicho kilizidi hata matumizi ya kijeshi ya mwaka huo, na jeshi hilo ndilo ghali kuliko yote duniani.

KIKOMO KILITOKA WAPI

Katiba ya Marekani imelipa Bunge, si Rais, mamlaka ya kukopa kwa dhamana ya taifa. Zamani Bunge liliidhinisha kila mkopo kwa sheria yake. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilionekana kuwa utaratibu huo ni mzito, ndipo Bunge likaipa Hazina ruhusa pana zaidi ya kukopa ndani ya mipaka. Mwaka 1939 kikawekwa kikomo kimoja cha jumla, cha dola bilioni 45.

Msomaji azingatie hapa: kikomo kilizaliwa ili kurahisisha ukopaji. Hakikuwekwa ili kuuzuia. Lakini miaka ilivyopita, kikageuka silaha ya siasa. Tangu 1960 kimepandishwa, kurefushwa au kusimamishwa kwa muda zaidi ya mara 75, chini ya marais wa vyama vyote viwili.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bunge hilo hilo ndilo linalopitisha sheria za matumizi. Bunge hilo hilo ndilo linalopitisha sheria za kodi. Mtu yeyote anayejua kutoa na kujumlisha anajua kwamba sheria hizo mbili zikishapita, kiasi cha mkopo kimekwisha kupatikana. Kisha, miezi kadhaa baadaye, Bunge hilo linaulizwa kwa kura ya tatu: je, mnaruhusu serikali ikope ili ilipe yale mliyokwisha kuyaagiza? Kukataa kura hii hakupunguzi hata senti moja ya matumizi yaliyoidhinishwa. Kunachozuia ni kulipa tu.

Kikomo kinapofikiwa, Hazina haifilisiki siku ile ile. Huanza kutumia hila za kihasibu zinazoitwa hatua zisizo za kawaida. Kwa mfano, husimamisha kwa muda uwekezaji wa fedha za mifuko ya akiba na pensheni ya watumishi wa serikali, ili kupata nafasi chini ya kikomo. Hatua hizo zikiisha na Bunge likiwa bado linabishana, serikali itabaki na makusanyo ya kila siku tu, na wenye haki zao watakuwa wengi kuliko fedha zilizopo.

Mwaka 2011 mabishano yalifika karibu kabisa na siku hiyo. Sheria ya kupandisha kikomo ilitiwa saini Agosti 2, na siku tatu baadaye kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha Marekani daraja la uaminifu wa mkopaji, kwa mara ya kwanza katika historia. Wakaguzi wa hesabu wa serikali walikadiria kwamba ucheleweshaji ule uliongeza gharama za kukopa kwa takriban dola bilioni 1.3 katika mwaka huo mmoja. Yaani mabishano yaliyosemwa kuwa ni ya kupunguza deni, yaliliongeza. Mwaka 2023 hali ilijirudia; Fitch nayo ikaishusha Marekani daraja mwezi Agosti, na Moody's ikafuata Mei 2025. Julai 2025 kikomo kilipandishwa kwa dola trilioni 5 kwa mkupuo mmoja, kikafika trilioni 41.1.

KUFUNGWA KWA SERIKALI NI JAMBO JINGINE

Watu wengi huchanganya kikomo cha deni na kufungwa kwa shughuli za serikali. Ni mambo mawili tofauti, ingawa chimbuko lao ni ugomvi mmoja.

Mwaka wa fedha wa Marekani huanza Oktoba 1. Kabla ya siku hiyo Bunge linatakiwa liwe limepitisha sheria za matumizi ya idara mbalimbali. Lisipopitisha, wala lisipotoa idhini ya muda, idara haina ruhusa ya kutumia fedha, hata kama fedha zipo. Tangu Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alipotoa tafsiri yake kali ya sheria mwaka 1980 na 1981, idara isiyo na idhini hulazimika kusimamisha kazi, isipokuwa zile za kulinda maisha na mali. Basi wapo wafanyakazi wanaorudishwa nyumbani bila mshahara, na wapo wanaolazimika kufanya kazi bila mshahara.

Kufungwa kwa mwishoni mwa 1995 mpaka Januari 1996 kulidumu siku 21. Kule kwa 2013 kulidumu siku 16. Kule kwa kuanzia Desemba 2018 mpaka Januari 2019 kulidumu siku 35, na wafanyakazi wapatao 800,000 waliguswa. Mwaka 2025 serikali ilifungwa kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, siku 43, muda mrefu kuliko wowote uliotangulia. Waongozaji wa ndege waliendelea na kazi bila kulipwa, mpaka safari za ndege zikapunguzwa katika viwanja vikubwa 40. Na mwanzoni mwa Novemba msaada wa chakula kwa watu wa kipato cha chini, ambao watu wapatao milioni 42 huutegemea, ulivurugika. Miongoni mwa wanaoishi humo wamo Waislamu waliohama kutoka Afrika Mashariki, na masikini wa kila dini na kila rangi. Waswahili wamesema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sheria ya Marekani ya 2019 inaagiza wafanyakazi hao walipwe malimbikizo baada ya serikali kufunguliwa. Hilo ni jema. Lakini mwenye nyumba haipokei ahadi ya malimbikizo mahali pa kodi ya mwezi, na mtoto hashibi kwa mshahara wa mwezi ujao.

PANDE MBILI, ULIMI MMOJA

Kama tungelisema kuwa chama fulani ndicho chenye makosa, tungekuwa tumedhulumu. Machi 2006 Seneta Barack Obama alipiga kura kupinga kupandishwa kwa kikomo, wakati Ikulu ikiwa mikononi mwa chama kingine. Mwaka 2011, akiwa yeye ndiye Rais anayehitaji kikomo kipandishwe, alikiri kwamba kura ile ilikuwa makosa. Donald Trump naye, Mei 2023 akiwa nje ya madaraka, aliwahimiza wabunge wa chama chake wakubali hata serikali ishindwe kulipa iwapo hawatapata upunguzaji mkubwa wa matumizi. Desemba 2024, akiwa amekwisha kuchaguliwa kurudi madarakani, alitaka kikomo kifutwe kabisa.

Maneno hubadilika kwa kubadilika kiti. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu ndani ya Swala yake kutokana na deni. Alipoulizwa sababu ya kujikinga nalo mno, alieleza kwamba mtu akiingia katika deni huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja. Tulidhani Hadithi hii inamhusu mtu mmoja mmoja. Kumbe hata mabunge yamo.

Ni haki pia kutaja hoja ya wanaokitetea kikomo. Wao husema: bila ya kikomo, nani atawakumbusha wabunge kwamba taifa linazama? Angalau siku hiyo moja deni huzungumzwa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwani sheria ya 2011 na ile ya 2023 zote ziliambatana na mipaka ya matumizi. Lakini swali linabaki: je, ukumbusho huo umewekwa mahali pake? Hapa tuwasikilize mafaqihi.

MAFAQIHI NA MADENI YA BAITUL-MALI

Kwanza, dola kukopa kwa haja si jambo geni katika Uislamu. Imepokewa na Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alipokwenda Hunain, mwaka wa 8 Hijria, alikopa fedha nyingi kwa Abdullah bin Abi Rabia. Alipata mapato, akamlipa na kumuombea baraka katika ahali yake na mali yake, akabainisha kwamba malipo ya mkopo ni kurudisha na kushukuru. Tunaona hapa mambo matatu: haja iliyo wazi, mapato yanayotarajiwa, na malipo yasiyo na ziada ya riba.

Pili, Imam Al-Mawardi, kadhi na mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki Baghdad mwaka 450 Hijria, ameeleza katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya kwamba haki zinazotakiwa kulipwa na Baitul-Mali ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile zinazolipwa kama badali ya kitu kilichopokelewa, mfano mishahara ya askari na bei ya silaha. Hizi ni wajibu, fedha ziwepo au zisiwepo. Zikiwepo, ziharakishwe kama deni la mwenye uwezo. Zisipokuwepo, husubiriwa kama deni la mwenye dhiki. Namna ya pili ni zile za maslaha na kuwafanyia watu wepesi, ambazo huwa wajibu fedha zikiwepo tu.

Kisha akasema kwamba haki mbili zikikutana na fedha zikatosha moja tu, itangulizwe ile iliyo deni. Na fedha zisipotosha kabisa, kiongozi anaruhusiwa kukopa kwa jina la Baitul-Mali akiogopa kutokea uharibifu, ili alipe yale yaliyo madeni, si yale ya kufanyiana wepesi. Na viongozi watakaokuja baada yake watadaiwa kulilipa deni hilo mfuko utakapokunjuka.

Tuyapime maneno haya na yanayotokea Washington. Al-Mawardi ameruhusu dola ikope ili kutimiza wajibu uliokwisha kuthibiti. Kikomo cha Marekani kinazuia jambo hilo hilo. Al-Mawardi amemfunga kiongozi ajaye kwa deni la aliyemtangulia; Washington kila upande hulitangaza deni kuwa ni la upande wa pili. Hata Katiba yao wenyewe, katika marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, imetamka kuwa uhalali wa deni la umma lililoidhinishwa kisheria usitiliwe shaka.

Tatu, Imam Ash-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria, ameweka sharti katika Al-I'tisam. Amesema kwamba kukopa wakati wa shida kunafaa pale tu Baitul-Mali inapotarajia mapato. Kama hakuna mapato yanayotarajiwa, basi hakuna budi kuwatoza wenye uwezo kiasi cha haja. Hili ndilo wanasiasa wa Marekani, wa pande zote, wanalolikimbia: upande mmoja hautaki kugusa kodi, upande mwingine hautaki kugusa matumizi, na deni ndilo linalowapatanisha.

Nne, hata fedha zikibaki wanazuoni wamezungumza. Al-Mawardi amenakili kwamba Imam Abu Hanifa aliona ziada ya Baitul-Mali iwekwe akiba kwa majanga yatakayowafika Waislamu, na Imam Shafii akaona igawiwe katika maslaha yao wala isilimbikizwe. Marekani ilipopata ziada ya bajeti kuanzia 1998 hadi 2001 ilibishana kwa mfano huo: tulipe deni au turudishe kodi? Kodi ikapunguzwa, ziada ikaisha, na vita vikaja. Nabii Yusuf (a.s.), kama tusomavyo katika sura yenye jina lake, aliagiza miaka saba ya neema iwekewe akiba kwa ajili ya miaka saba ya shida. Huo ndio mpango wa bajeti ya mtu aliyejisifu kwa haki kuwa ni mlinzi na mjuzi.

KIKOMO KIWEKWE WAPI

Sasa tunaweza kulijibu swali. Katika fiqhi ya madeni, mahali pa kusitasita ni kabla ya kukopa. Hapo mtu hujiuliza: nina haja kweli? Nitalipa kwa nini? Ndiyo maana Mtume (s.a.w.), mwanzoni, alipoletewa jenaza ya mwenye deni asiyeacha cha kulipia, alijizuia kumswalia mwenyewe mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile. Hilo lilikuwa onyo kwa walio hai wasikope ovyo. Na Mwenyezi Mungu alipomfungulia mapato, alitangaza kuwa muumini akifa na deni, malipo ni juu yake yeye.

Lakini deni likishathibiti, milango ya kusitasita imefungwa. Aya ya kwanza ya Suratul-Maidah inaamrisha kutimiza mikataba. Na Mtume (s.a.w.), katika Hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, ameita kitendo cha tajiri kuchelewesha deni kuwa ni dhulma. Mwenye dhiki ana hukumu nyingine: aya ya 280 ya Suratul-Baqarah imeagiza apewe muda mpaka apate wepesi. Serikali ya Marekani si mwenye dhiki. Inadaiwa kwa fedha yake yenyewe, na wanunuzi wa dhamana zake wapo. Ikishindwa kulipa kwa sababu ya kikomo, itakuwa imeshindwa kwa hiari. Hiyo ndiyo sura ya tajiri anayechelewesha.

Kwa hiyo kosa la kikomo hiki si kwamba kinaweka mpaka. Mpaka ni jambo jema. Kosa lake ni kwamba mpaka umewekwa wakati wa kulipa badala ya wakati wa kuazimia kutumia. Ni kama mtu anayeingia dukani, akachukua bidhaa, akazila na wanawe, kisha mwenye duka anapokuja kudai, anamjibu kuwa ameweka nadhiri ya kutotoa fedha. Hakuna kadhi atakayeikubali nadhiri hiyo, kwani hakuna nadhiri katika kula haki za watu.

RIBA NDIYO MZIZI

Hata hivyo, tusije tukaonekana kuwa tunasema: kikomo kikifutwa, mambo yote yatakuwa sawa. Deni hili limejengwa juu ya riba, na riba imetangaziwa vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake katika aya ya 279 ya Suratul-Baqarah. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jeddah mwezi Machi 1990, liliamua kwamba hati za dhamana zenye riba ni haramu kuzitoa, kuzinunua na kuziuza, ziwe zimetolewa na serikali au na watu binafsi, na kubadilisha jina lake hakubadilishi hukumu.

Hekima ya uharamu huo inaonekana kwa macho. Sehemu kubwa ya deni likiiva haliondoki. Hulipwa kwa kukopa upya. Riba inalipwa kwa mkopo mwingine, na mkopo huo unazaa riba yake. Dola bilioni 880 za mwaka 2024 hazikujenga shule wala hazikumtibu mgonjwa; zilikuwa gharama ya fedha zilizokwisha kuliwa zamani. Waswahili walilijua hili waliposema: kukopa harusi, kulipa matanga.

HISTORIA YETU SI NYEUPE

Tusilitazame jambo hili kwa kuwacheka wengine. Dola ya Uthmaniyya ilichukua mkopo wake wa kwanza wa Ulaya mwaka 1854, wakati wa vita vya Krimea. Miaka 21 baadaye, mwaka 1875, ilitangaza kuwa haiwezi kulipa riba kamili. Mwaka 1881 ikaundwa idara ya madeni iliyosimamiwa na wadai wa Ulaya, ikawa inakusanya yenyewe mapato ya chumvi, stempu, hariri na mengineyo ndani ya ardhi ya Khalifa. Misri nayo, chini ya Khedive Ismail, iliiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez mwaka 1875. Mwaka 1876 ikawekewa hazina ya madeni yenye wasimamizi wa kigeni, mwaka 1879 Ismail akaondolewa, na mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yakaingia.

Marekani haipo katika hali hiyo, kwa kuwa inakopa kwa sarafu yake na hakuna mdai atakayeituma manowari New York. Nchi zetu hazina kinga hiyo. Nyingi ya mikopo yetu ya nje ni ya dola, na riba ya dola ikipanda huko, mzigo hupanda huku. Kenya nayo ilikuwa na kikomo cha tarakimu: shilingi trilioni 9 mwaka 2019, zikawa trilioni 10 mwaka 2022, kisha mwaka 2023 sheria ikabadilishwa, kipimo kikawa asilimia 55 ya pato la taifa. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga kodi mpya, na damu ikamwagika. Hapo ndipo deni lililokopwa bila ya watu kushauriwa lilipowafikia watu.

LINALOTUPASA

Maimamu na wanafunzi wa elimu wasiuache mlango huu kwa wachumi pekee. Yapo maneno ya kusemwa juu ya mimbari, bila ya kuingia katika ushabiki wa chama. Waumini wafundishwe kwamba mali ya umma ni amana, na kwamba anayeidhinisha matumizi ameidhinisha malipo yake. Wakumbushwe kuwa mshahara wa mlinzi na mwalimu ni deni, na deni hutangulia hisani. Na waelezwe kuwa kukopa kwa haja kunaruhusiwa, lakini mapato ya kulipia yajulikane kabla, na mlango wa riba ufungwe.

Tuanze na zilizo karibu nasi. Kamati ya msikiti inayochukua saruji kwa mkopo kabla ya kujua michango itatoka wapi, kisha ikagombana mbele ya mwenye duka nani alaumiwe, imefanya kwa udogo yale yanayofanywa Washington kwa ukubwa. Tofauti ni idadi ya sifuri tu. Bukhari amepokea kwamba mwenye kuchukua mali za watu akiwa na nia ya kuzirudisha, Mwenyezi Mungu humlipia. Na mwenye kuzichukua kwa nia ya kuziharibu, Mwenyezi Mungu humharibu yeye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atukinge na mzigo wa deni na ubabe wa watu, awape viongozi wetu uadilifu katika amana walizobebeshwa, na awape wepesi wote waliozuiliwa haki zao. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.